Kurusha Mpira wa Besiboli kwa Anayeanza: Kwa Nini Mpira Wako Unapaa, na Namna ya Kuushusha

Video mnazonitumia zinafanana kama mapacha. Kijana amesimama, amevuta pumzi, amerusha kwa nguvu zake zote, na mpira umepita juu ya kichwa cha mdakaji ukaenda kugonga ukuta wa choo cha shule. Anarudia, unapaa tena. Mara ya tatu anapunguza nguvu, nao unadunda chini kabla hata ya kufika. Kisha linafuata swali lile lile: "Kocha, nakosea wapi?"

Unakosea palepale wanapokosea karibu wote: unarusha kama mtu anayeangusha maembe. Tumekua hivyo. Unaokota jiwe, unatazama juu, mgongo unalala nyuma, na mkono unaachia mapema ili jiwe lipande. Kwa embe ni ufundi halali kabisa. Kwenye besiboli shabaha iko kati ya magoti na kifua cha mpigaji, na mpira unatakiwa ufike pale ukiwa unashuka. Karibu kila hatua hapa chini kazi yake ni kukutoa kwenye mwembe.

Nimeandika kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Wa kushoto, geuza: ninaposema kulia wewe soma kushoto. Na kama umetokea kwenye kriketi, kumbuka kwamba hapa kiwiko kinakunjwa na kukunjuliwa. Mkono ulionyooka muda wote hauna kazi.

## Vifaa

Mpira halisi wa besiboli. Una uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzingo wa kama sentimita 23. Una mishono 108 ya uzi mwekundu, na mishono hiyo ndiyo utakayoishika, kwa hiyo mpira wa tenisi hautakufundisha mshiko. Usichukue wa softiboli kwa sababu tu ndio uliopo stoo. Mzingo wake ni kama sentimita 30 na vidole vyako vitajifunza uongo.

Glavu. Huvaliwa kwenye mkono *usiorusha*. Naliandika hili kwa sababu nimeshaona mtu kavaa mkono wa kulia, akavua kila anapotaka kurusha. Kama huna glavu, anza hivyo hivyo. Mariano Rivera wa Panama, mmoja wa warushaji wakubwa waliowahi kutokea, alianza utotoni na glavu za kadibodi.

Kibao cha kukanyagia. Cha kanuni ni cha mpira mgumu, urefu sentimita 61 na upana sentimita 15. Kipande cha tairi au ubao kinatosha, ila kifukiwe kiwe sawa na ardhi na kipigiliwe kisiteleze. Ubao uliotokeza juu utakuvunja kifundo cha mguu.

Besi ya nyumbani, yaani alama ya chini ambayo mpigaji husimama kando yake. Kata gunia au kadibodi upana wa sentimita 43.

Turubai na kamba. Ning'iniza turubai kwenye goli la mpira wa miguu, kisha chora mstatili wenye upana wa sentimita 43, kuanzia sentimita 50 kutoka ardhini hadi sentimita 105. Kwa watoto shusha kidogo. Ndani ya mstatili huo ni straiki (mrusho uliopata), nje yake ni bolu (mrusho uliokosa).

Vingine: futi ya kupimia, majivu au chokaa, maka peni, daftari, kanga kuukuu na raba zenye ncha imara. Usirushe peku. Mguu wa nyuma huburuta vidole kwenye udongo, na ngozi ya kidole gumba huisha kabla ya mazoezi kuisha.

Mdakaji akiwepo ni vizuri zaidi ya turubai, lakini siku utakayoanza kurusha kwa nguvu awe na barakoa ya chuma. Mpigaji asisimame pale mpaka umalize hatua ya tisa.

## Hatua ya 1: Pima uwanja, kisha sahau umbali wa kanuni kwa sasa

Mtu mzima hurusha kutoka mita 18.44. Watoto wa hadi miaka 12 hurusha kutoka mita 14 tu, na huo ndio umbali waliotumia watoto wa Lugazi, Uganda, walipocheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012.

Wewe anzia mita 9. Ukianzia mbali, mwili utatafuta njia ya mkato ya kuufikisha mpira, na njia ya mkato inayoijua ni ile ya embe.

Kilima cha mrushaji, ambacho kwenye viwanja vya kanuni huinuka sentimita 25, hukihitaji. Ardhi tambarare ni salama zaidi kwa anayeanza.

Mwisho, mwaga majivu mstari mmoja mnyoofu kutoka katikati ya kibao kuelekea katikati ya besi, urefu wa mita mbili. Usiruke jambo hili. Mstari huo utakuambia mambo ambayo mimi sitakuwepo kukuambia.

## Hatua ya 2: Pasha mwili

Kimbia polepole dakika kumi mpaka jasho litoke. Zungusha mabega, pinda kiuno, nyoosha mapaja. Halafu ndipo ushike mpira. Wengi hupasha mwili *kwa kurusha*, na mkono uliopoa ndio unaoumia.

## Hatua ya 3: Mshiko wa mishono minne

Ugeuze mpira mpaka uone mshono umechora umbo la U pana. Ulaze U hiyo kiubavu. Sasa weka ncha za kidole cha shahada na cha kati *zikatize* mshono, ule mstari mwekundu upite chini ya nyama ya ncha za vidole. Vidole viachane kiasi cha nusu ya unene wa kidole.

Gumba likae chini ya mpira, katikati ya vile viwili vya juu. Kidole cha pete na cha mwisho vijikunje pembeni.

Angalia kati ya mpira na kiganja: lazima pawe na nafasi. Mpira uliozama kiganjani hauwezi kuzunguka vizuri. Ushike kama kifaranga. Ukikaza unakiua, ukilegeza kinakuponyoka.

Kwa nini mshiko huu? Mpira ukitoka hivi, huzunguka kurudi nyuma, na kila mzunguko mistari minne ya mshono hukata hewa. Mzunguko huo unausaidia usianguke haraka na unaufanya uende mnyoofu. Anayeanza anahitaji mpira mnyoofu kuliko kitu kingine chochote, maana ukipinda atajua kosa ni la mkono wake na si la mshiko.

Umefaulu ukiweza kutia mkono ndani ya glavu bila kutazama na kuupata mshiko huo kwa kupapasa tu. Fanya ukiwa umekaa unasikiliza redio. Mara hamsini kwa siku si nyingi.

## Hatua ya 4: Mstari wa maka peni

Hii ni hatua ndogo, lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mpira wenyewe unakuwa mwalimu.

Shika mpira kwa mshiko wa mishono minne, kisha muombe mtu achore mstari mnene wa maka unaopita kati ya vidole vyako viwili, uzunguke mpira wote mpaka urudi ulipoanzia.

Simama mita 5 kutoka kwa mwenzako, ukimtazama. Inua kiwiko kifike usawa wa bega, mpira uwe nyuma kidogo ya sikio, vidole nyuma ya mpira. Rusha kwa upole, kama robo ya nguvu zako, ukimalizia kwa kuvivuta vidole chini.

Mwenzako atazame ule mstari. Vidole vikiwa nyuma ya mpira, mstari unaonekana mmoja, umetulia, kama mkanda uliofungwa. Vikiwa vimeteleza pembeni, mstari unayumbayumba na mpira unaonekana kama una madoa. Hakuna kubishana hapo.

Rusha mara thelathini. Umefaulu ukipata ishirini zenye mstari uliotulia.

Tahadhari: kiwiko kikishuka chini ya bega, unakuwa *unausukuma* mpira, na mzigo unahamia kwenye kiwiko upande wa ndani. Kama unachoka kiasi kwamba kiwiko hakipandi tena, siku hiyo imekwisha.

## Hatua ya 5: Simama kiubavu, inua goti

Kuna mkao mrefu wenye mbwembwe, ule unaouona kwenye televisheni mrushaji akirudi nyuma na kuzunguka. Uache. Tutaanza na mkao mfupi wa kiubavu, ambao utauhitaji tu, kwani ndio hutumika mkimbiaji, yaani mpinzani anayezunguka vituo vinavyoitwa besi, akiwa kwenye besi.

Ubavu wa nje wa mguu wa kulia uguse kibao upande wa mbele, wayo ukiwa sambamba na kibao. Usisimame juu yake. Bega la kushoto lielekee shabaha. Mikono yote miwili ikutane ndani ya glavu, usawa wa kifua. Tulia kabisa. Mkimbiaji akiwepo, kutotulia kabla ya kurusha ni kosa, na mwamuzi humpa kila mkimbiaji besi moja ya bure.

Inua goti la kushoto mpaka usawa wa mkanda. Linyanyuliwe na paja, mguu usirushwe kama unapiga teke. Kiwiliwili kibaki wima. Hapa ndipo embe huanza, mtu huinua goti na papo hapo mgongo unalala nyuma.

Kipimo: baki juu ya mguu mmoja, hesabu hadi tatu, shusha. Ukiyumba, fanya hili peke yake siku mbili nzima. Mtu anayeyumba akiwa amesimama hatapata shabaha akiwa anatembea.

## Hatua ya 6: Hatua ndefu juu ya mstari

Nguvu ya mrusho haitoki mkononi. Inaanzia ardhini, kwenye mguu wa kulia unaosukuma kibao. Kwa hiyo hatua ya mguu wa kushoto kwenda mbele ndiyo sehemu ninayotaka ukae nayo wiki nzima, hata kama kila kitu kingine kinakuvutia zaidi.

Goti linaposhuka, acha nyonga ya kushoto iongoze kwenda kwenye shabaha, mguu ufuate. Ukiona umetanguliza kichwa au bega, rudi mwanzo.

Hatua iwe ndefu kiasi gani? Kama asilimia 80 hivi ya urefu wako. Mwenye mita 1.70 atue kama mita 1.36 mbele ya kibao. Njia rahisi: panga nyayo zako kisigino kwa kidole kutoka kwenye kibao, hesabu tano na nusu, weka alama. Wanaoanza wengi hutua kwenye nyayo tatu, wamesimama wima kama nguzo, kazi yote wameuachia mkono.

Utue wapi? Juu ya mstari wa majivu, au upite kidogo sana upande wa kulia wake, vidole vikielekea shabaha. Goti likiwa limekunjwa kiasi, imara, lisiendelee kuserereka mbele.

Baada ya kila mrusho, *usitazame mpira ulikoenda*. Tazama chini. Alama ya kiatu kwenye majivu haidanganyi. Ukikuta kisigino kimetua kushoto mwa mstari, umefungua nyonga mapema. Mwili umeshageuka, mkono umechelewa nyuma, na bila hata kuangalia najua mpira ulienda juu, kulia. Ukikuta umevuka mbali kulia, umejifungia njia mwenyewe na mkono umelazimika kuzunguka mwili wako ili upite.

Nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anabishana nami kwamba anatua sawasawa. Nikamwagia majivu mapya, akarusha mipira kumi. Alama tisa zilikuwa kushoto, zimerundikana mahali pamoja kama mtu amekanyagakanyaga hapo makusudi. Hakusema kitu. Siku ya pili nilimkuta anafanya hatua peke yake, bila mpira.

Na mikono je? Goti linaposhuka, mikono inaachana kwa kushuka kisha kupanda. Wakati mguu wa kushoto unagusa ardhi, mkono wenye mpira uwe *umeshafika juu*, kiwiko usawa wa bega, na kifua bado kinatazama pembeni. Wakati huo mmoja ukiwa sawa, mengi yanayofuata yatajinyoosha.

Zoezi: inua goti, piga hatua, tua, halafu ganda hapohapo bila kurusha. Mwenzako akague mambo matatu: mguu uko kwenye mstari, kiwiko kiko juu, kifua hakijafunguka. Mara kumi kabla ya kila mazoezi.

## Hatua ya 7: Nyonga kwanza, mkono mwisho

Umewahi kumtazama mtu akikung'uta kanga iliyotoka kufuliwa? Mkono wake unasogea kidogo tu, lakini ule upindo wa mwisho unalia *paa!* Mwendo umeanzia mkononi, umepita kwenye nguo, na umeongezeka kasi kila ulipopita.

Mrusho ni huo huo. Nyonga ndiyo mkono ulioshika kanga. Kiwiliwili ni nguo. Vidole vyako ndio upindo. Mguu wa kushoto ukishatua, nyonga zigeuke kuelekea shabaha, kiwiliwili kifuate, bega lifuate, kiwiko, halafu mkono. Anayegeuza vyote kwa pamoja amekuwa kama anayeisukuma kanga iliyokauka ikawa ngumu kwa wanga. Hailii.

Angalia mambo mawili wakati wa kugeuka:

Glavu. Irudi kifuani, au kifua kiifuate glavu. Ukiitupa nje kushoto, inakuvuta na bega lako linafunguka.

Kifua. Kiende mbele mpaka kiwe juu ya goti la kushoto wakati unaachia. Mpira uachiwe *mbele ya uso*, mkono ukiwa umeenda mbele kama unampa mdakaji mkononi. Mtu wa maembe huachia mpira ukiwa bado karibu na sikio, mgongo uko nyuma. Sentimita chache tu za kuachia mapema zinatosha kuupeleka mpira juu ya turubai.

Zoezi la kanga. Chukua kanga kuukuu au taulo, shika ncha yake kwa vidole vile viwili na gumba. Tafuta mahali mguu wako wa kushoto unapotua, halafu mwenzako asimame pembeni ashike glavu hatua moja mbele ya hapo, usawa wa kifua. Fanya mwendo wote kuanzia goti, ukijaribu kuicharaza glavu kwa ncha ya kanga. Ukilala nyuma, hufiki. Ukipiga hatua fupi, hufiki. Ukifika, utasikia ule mlio.

Fanya mara ishirini. Faida yake nyingine ni kwamba halichoshi mkono kama mpira, unaweza kulifanya hata siku ya mapumziko, uani, ilimradi usiombe kanga ya mtu.

## Hatua ya 8: Usiukatishe mkono

Mpira ukishatoka, mkono bado una kasi kubwa na kuna kitu lazima kiusimamishe. Ukiukatisha ghafla mbele ya kifua, breki inakuwa bega peke yake. Ukiuacha upite chini mpaka nje ya goti la kushoto, mgongo ukainama, misuli mikubwa ya mgongo na paja inagawana kazi hiyo.

Mguu wa kulia unyanyuke kwenye udongo na utue pembeni ya wa kushoto. Kama umebaki umenata nyuma kwenye kibao, hukuhamisha uzito.

Tahadhari ya kweli: ukimaliza, glavu iwe mbele ya kifua na macho yako mbele. Wewe ndiye uliye karibu zaidi na mpigaji, na mpira uliopigwa sawasawa hurudi kwa kasi kuliko ulivyoutuma. Jizoeze hata kama mbele yako kuna turubai tu.

## Hatua ya 9: Kutoka mita 9 kurudi nyuma

Sasa unganisha vyote. Ukiwa mita 9, rusha mipira kumi kwenye mstatili kwa nguvu kama asilimia 60. Sita zikiingia, rudi nyuma mita 2. Zisipofika sita, baki hapo. Endelea hivyo mpaka 18.44, au mpaka 14 kwa mtoto, naye asiende zaidi ya hapo.

Kwa nini nakazania kuingiza mpira kabla ya kasi? Kwa sababu bolu nne zinampa mpigaji besi ya kwanza bure, bila hata kuinua gongo. Mrushaji wa kasi asiyepata straiki anawatembeza wapigaji watatu, besi zimejaa, na wachezaji wenzake nyuma wanaanza kuchuma majani.

Katika daftari usiandike zilizoingia tu. Andika zilizokosa zilikosa *wapi*: juu, chini, kulia, kushoto. Baada ya mipira thelathini utaona neno moja limejaa ukurasa, na neno hilo linakuambia dawa.

Juu na kulia ndiyo maarufu. Mguu umetua kushoto mwa mstari, au glavu imetupwa nje. Rudi hatua ya 6.

Juu, katikati. Mwendo ni mzuri ila mgongo umebaki nyuma na umeachia mapema. Zoezi la kanga. Pia lenga magoti ya mdakaji badala ya kifua chake.

Chini na kushoto. Umechelewa kuachia, na mara nyingi kichwa kimeangukia kushoto unapogeuka. Macho yabaki kwenye shabaha mpaka mpira ufike.

Chini, unadunda. Umeukaza mpira mno, au unaogopa kupaiza. Kifaranga.

Unapinda wenyewe kwenda kulia. Vidole viko pembeni ya mpira. Chukua ule wenye mstari wa maka.

Sahihisha kosa moja kwa siku. Ukibeba yote matano kichwani unaporusha, utasimama pale kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya simu.

Ukifika umbali wako wa mwisho na sita kati ya kumi zinaingia kwa siku tatu tofauti, mlete mpigaji. Avae helmeti.

## Mrusho wa pili: mpira wa polepole wa kumdanganya

Watu huniuliza kuhusu mpira unaopinda kabla hawajaingiza straiki mbili mfululizo. Rivera, niliyemtaja mwanzo, alimaliza mechi 652 akiilindia timu yake ushindi, idadi ambayo hakuna aliyeifikia, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake uwanjani alitegemea mrusho wa aina moja tu. Wapigaji walijua unakuja.

Kama lazima uwe na wa pili, uwe chenjiapu. Shika mpira kwa vidole vitatu juu (shahada, kati, pete), uuingize ndani zaidi kuelekea kiganja, halafu rusha kwa mwendo *uleule* na kasi ileile ya mkono. Mshiko wenyewe ndio unaopunguza kasi ya mpira. Mpigaji anaona mkono wa haraka, anapiga gongo, na mpira bado haujafika. Ukipunguza kasi ya mkono ili mpira uende polepole, umemwambia siri.

Mpira wa kupinda, ule wa kukunja kiganja, uache kwanza, hasa kama mwili wako bado unakua.

## Mkono una hesabu yake

Mwaka wangu wa kwanza nilirusha zaidi ya mipira mia kwa siku moja, kesho yake nikarudia, kwa kuwa hatimaye ilikuwa inaingia na nilikuwa na furaha. Wiki tatu zilizofuata sikuweza kufungua chupa ya soda kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyenishurutisha, ni ujinga wangu.

Ndani ya kiwiko kuna kano moja fupi inayobeba mzigo wa kila mrusho. Ikikatika haiungwi kwa kuchua na mafuta. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kuhamisha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, na mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa.

Kwa hiyo hesabu. Kanuni za Little League zinaweka mipaka ya mipira kwa siku ya mechi hivi: miaka 7 hadi 8, mipira 50; miaka 9 hadi 10, mipira 75; miaka 11 hadi 12, mipira 85; miaka 13 hadi 16, mipira 95. Hiyo ni mipaka ya watoto waliokwisha kuzoea. Wewe unayeanza, hata kama una miaka 30, usizidishe 40 kwa siku katika mwezi wa kwanza.

Mapumziko nayo yana kanuni. Kwa walio na miaka 14 kushuka chini: mipira 21 hadi 35, pumzika siku moja, 36 hadi 50, siku mbili, 51 hadi 65, siku tatu, 66 kwenda juu, siku nne. Mtu mzima anayeanza afuate hiyo hiyo. Siku za mapumziko una goti la kuinua, hatua ya kupiga kwenye majivu, na kanga ya kuichapa. Hakuna kati ya hayo inayohitaji mpira.

Uchovu wa misuli nyuma ya bega, unaoisha kwa siku moja au mbili, ni wa kawaida. Maumivu ya kuchoma upande wa ndani wa kiwiko, au ganzi inayoshuka kwenye kidole cha mwisho, si uchovu. Weka mpira chini hapohapo, hata kama umebakiza mmoja kutimiza kumi, na uende hospitali kabla ya kuushika tena.